Koti la Ute

Idau alidondosha tone la maji ya mgongo kwenye kioo, akaongeza tone la wino mweusi, akafunika na kuinamia hadubini. Hakuwa na haja ya kutafuta. Walikuwa wamejaa: fangasi wa duara, kila mmoja amekaa peke yake katikati ya uwazi mpana unaong'aa, wino wote umesukumwa pembeni kama umati uliotakiwa kupisha jeneza.

Uwazi ule si mtupu. Ni koti. Seli ya fangasi huyu ina utando laini kwa ndani, juu ya utando ina ukuta mgumu, na juu ya ukuta hujivika ute mzito wa sukari ambao unaweza kuwa mnene kuliko mwili wake mwenyewe. Wino haupenyi kwenye ute, kwa hiyo penye koti panabaki peupe. Ukimpaka rangi za kawaida unaweza kumdhania seli nyeupe ya damu ukapita zako. Kwenye wino hawezi kujificha. Kile alichokivaa ili asikamatwe ndicho kinachomtangaza.

Idau akaweka kioo cha pili. Maji ya mgonjwa mwingine. Seli nyeupe chache, zimebanwa na wino pande zote, hakuna aliyevaa kitu. Akazungusha kioo kona hadi kona, akaridhika.

Wagonjwa hao wawili walikuwa wameingia hospitali ya misheni ya Gabakoro juma moja, wote wanaume, wote wanaumwa kichwa mpaka kutapika, shingo zimekakamaa kama mti. Sasa ilikuwa wazi: mmoja ana fangasi kwenye ubongo, na yule wa pili, kwa dalili zake zote, ana TB ya ubongo. Kwa jicho la mlangoni huwezi kuwatofautisha, lakini dawa ya mmoja haimsaidii mwenzake hata chembe.

Yule wa TB aliitwa Raka Lohia. Mwenye fangasi aliitwa Silvanus Gamu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Silvanus ni jina la baba mkwe wake Idau.

Idau alikuwa mtu wa hapa hapa Rigo, lakini aliolewa na Ambrose, wa upande wa Oro, na kwa kina Ambrose mke hatii jina la mkwe wake mdomoni. Halitii hata kama limebebwa na mtu baki. Likisomwa kanisani, Idau hukohoa. Hospitali nzima ilijua, na wodi ya wanaume ilijua zaidi, kwa sababu muuguzi mkuu wa huko alikuwa Perpetua, dada yake Ambrose, ambaye hakuacha utani huo upoe.

"Wifi," alimwambia siku mgonjwa huyo alipolazwa, "nina mgeni mpya. Niambie anaitwa nani nikupe mkungu mzima wa ndizi."

"Anaitwa Shida-Zako."

"Sema tu! Baba yuko Popondetta, hasikii."

"Wewe je, husikii? Nakujua. Kesho ungekuwa umeshampigia simu mama."

Kwa kawaida Idau alikuwa na njia zake. Alisema "huyo wa Gamu," au alivuka ua mwenyewe na kioo cha majibu mkononi, akaweka kidole juu ya jina na kunyamaza. Majibu ya haraka yalipigiwa simu, hasa majuma yale ambapo karatasi za kuandikia zilikuwa zimekwisha na gari la vifaa halijapanda kutoka mji mkuu, Port Moresby. Na majibu haya yalikuwa ya haraka kuliko yote.

Alikuwa ameshika mkono wa simu wakati gari la samaki kutoka pwani lilipopiga honi getini.

Gari hilo huja Ijumaa peke yake. Halingoji mtu. Wake za wafanyakazi wote huwa wamesimama pale na vikapu, na ukichelewa unabaki na vichwa vidogo na harufu. Idau akapiga simu huku anakitafuta kikapu kwa mguu chini ya meza.

"Wodi ya wanaume, Konio hapa."

Konio alikuwa muuguzi mpya, hajamaliza hata juma la pili.

"Konio, mdogo wangu, mimi Idau wa maabara. Nina majibu ya maji ya mgongo. Yule mkwe wangu ana fangasi, wamejaa. Mwambie daktari aanze ile dawa ya njano leo leo."

"Mkwe wako yupi, dada? Mimi mgeni."

"Yule wa dirishani. Mwenzake hana kitu, yeye ni TB."

"Wa dirishani fangasi, mwenzake TB."

"Umepata. Na Perpetua akirudi mwambie namchukulia samaki."

Akakata simu, akatoka mbio.

Alhamisi, alipokwenda kuchukua chupa za maji, Silvanus Gamu alikuwa amelala dirishani. Hilo alilikumbuka vizuri. Asichokijua ni kwamba mtu mwenye ugonjwa ule hawezi kustahimili mwanga, na asubuhi ya Ijumaa mkewe, Boio, aliwaomba wauguzi wamhamishie pembeni, kwenye kona ya giza. Wakawabadilishia vitanda. Dirishani sasa alilala Raka Lohia.

*

Jumanne daktari alikuja maabara mwenyewe, chupa ndogo mkononi, anapiga mluzi. Daktari Kaupa alikuwa mtu wa milimani Simbu, mfupi, mwenye mabega ya mchimba viazi, na akifurahi hawezi kuficha.

"Mama wa maabara! Nihesabie wale wadudu wangu. Nimemtoa maji tena kupunguza presha ya kichwa, nataka nijue dawa inafanya kazi au inamtesa tu."

Idau akasoma utepe kwenye chupa. Raka Lohia.

"Huyu?"

"Huyu huyu. Maskini, dawa ikiingia anatetemeka mpaka kitanda kinahama. Jana tumemkuta karibu na mlango." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na figo zinaanza kulalamika. Kwa hiyo nipe habari njema."

Idau aliweka tone la maji, akaweka tone la wino. Kabla hajainama alikuwa ameshajua. Aliinama hata hivyo, kwa sababu daktari alikuwa amesimama nyuma yake anapumua, akazungusha kioo taratibu. Wino. Seli nyeupe chache zilizobanwa na wino. Wino.

"Hakuna," alisema.

"Wachache?"

"Hakuna hata mmoja."

"Hata mmoja!" Daktari Kaupa alipiga makofi mpaka mirija ya kioo ikalia kwenye kibao. "Wamejaa Ijumaa, Jumanne hakuna! Sijawahi kuona. Hii nitawaambia mpaka wenzangu wa Moresby." Akamshika bega. "Na wewe ulimkamata siku ya kwanza. Mwingine angeandika seli nyeupe akaenda kula."

Akatoka na mluzi wake. Idau alibaki ameinamia hadubini, jicho moja wazi, haoni kitu.

Angeweza kumwita. Mlango ulikuwa wazi, daktari hajafika hata kwenye ngazi. Aliosha kioo.

Alikuwa anaijua ile dawa. Aliisoma chuoni na akaijibia mtihani. Huingia mpaka kwenye utando wa fangasi, chini ya koti, chini ya ukuta, ikautoboa, na chumvi zote za ndani zikavuja mpaka seli ikafa. Ni dawa nzuri. Lakini kila seli ya mtu nayo ina utando, na ingawa haujafumwa sawasawa na ule wa fangasi, umefanana nao vya kutosha, na dawa haina macho makali. Hutoboa na wa kwetu. Figo hulipia. Mtu mwenye fangasi unamwambia avumilie kwa sababu adui anatobolewa zaidi. Raka Lohia alikuwa hana adui huyo. Tangu Ijumaa walikuwa wanamtoboa yeye.

Na yule mwingine walikuwa wanampa vidonge vya TB, na fangasi wake wanavaa makoti na kuzaana.

Ijumaa hiyo alikula samaki wa nazi na watoto wake. Samaki walikuwa wanono. Alikumbuka kwamba aliwasifu.

Alivua koti jeupe, akavuka ua.

Wodi ilikuwa imetulia. Raka alikuwa dirishani, amefunikwa mablanketi mawili katika joto lile, midomo imekauka, na juu yake imening'inia chupa ya dawa ya njano ndani ya mfuko mweusi wa kuikinga na mwanga. Katika kona ya giza alikuwa Silvanus Gamu. Kitambaa kimefunika macho. Boio, mkewe, mwanamke mrefu mwenye michoro ya kale mikononi, alikuwa anampepea kwa kifuniko cha ndoo.

"Mama wa maabara," Boio alisema, "umekuja. Wewe ndiye uliyetazama maji yake?"

"Ndiyo, mama."

"Walisema ni TB. Haya. Lakini jana alikuwa ananiona. Si vizuri, ila alisema, Boio, umevaa ile nyekundu. Leo ananiuliza kwa nini siwashi taa." Akaelekeza kidevu kwenye mlango, ambako jua la saa nne lilikuwa limemwagika mpaka katikati ya sakafu. "Hiyo TB huwa inafika machoni?"

"Nitamuuliza daktari," alisema Idau.

Alirudi maabara na kupiga simu. Njia nzima alikuwa ameitengeneza sentensi, na alijichukia kwa jinsi ilivyotoka safi.

"Daktari, yule mwingine, wa pembeni. Nadhani tumpime tena maji yake. Mara nyingine fangasi wanakuwa wachache mwanzoni, halafu wanajitokeza."

Ilikuwa kweli kwa wagonjwa wengine. Huo ndio uliokuwa utamu wake. Chupa mpya ingekuja, angewaona, angepiga kelele ya mshangao, mgonjwa angepata dawa yake, na hakuna mtu angeuliza habari za Ijumaa. Fangasi wangekuwa wamejitokeza tu.

"Mama Idau," alisema daktari kwa upole, "wewe mwenyewe umeniambia hana. Nakuamini kuliko ninavyouamini mkono wangu. Mtu amekwisha nguvu, nimkunje tena kama pweza nimchome mgongoni kwa sababu gani? Tuipe dawa ya TB muda."

"Lakini macho yake..."

"Nimeyaona. TB nayo hufanya hivyo. Usijisumbue, umefanya kazi yako."

Simu ikakatwa.

Perpetua alikuja mchana, kama kawaida, na bakuli la viazi vikuu na aibika, mboga ya majani yenye mlenda. Akakaa kwenye kiti cha maabara, ambako hakuna aliyeruhusiwa kula, akaanza kula.

"Wifi, una nini? Uso kama umelamba chokaa bila popoo."

"Sijalala vizuri."

"Kaka yangu huyo, anakoroma. Nilikwambia kabla hujaolewa, ukaona nina wivu." Alinyonya vidole vilivyojaa ute wa aibika. "Nilizungumza na mama jana. Nikamwambia kuhusu mgonjwa wetu mwenye jina la baba, jinsi unavyohangaika. Amecheka! Halafu akasema, kati ya wakaza wana wangu wote, mwenye adabu ni mmoja. Amesema baba atakuletea nguruwe mdogo Krismasi."

Idau alilitoa bakuli mikononi mwa wifi yake, akaliweka chini.

"Perpetua, daktari yuko wapi?"

"Wodini, anapita vitandani. Kula kwanza."

"Twende."

"Sijamaliza..."

"Twende, nakwambia. Nataka uwepo."

*

Daktari Kaupa alikuwa amesimama miguuni pa Raka, Konio pembeni yake na trei. Idau alisimama katikati ya wodi. Boio aligeuka kwenye kona yake, kifuniko cha ndoo kikasimama hewani.

"Daktari, mwenye fangasi si Raka."

"Mwenye... unasemaje?"

"Raka hajawahi kuwa na fangasi. Maji yake ya leo yako vile vile kama ya Ijumaa. Dawa haijaua kitu, hapakuwa na cha kuua."

"Sasa uliowaona ni wa nani?"

Idau alimtazama wifi yake. Perpetua alikuwa ameshaelewa. Mkono wake ulikuwa unapanda kwenda mdomoni.

"Ni wa Silvanus," alisema Idau. "Silvanus Gamu. Niliwaona Ijumaa, wamejaa. Nilipiga simu nikasema wa dirishani. Sikumtaja."

Konio alianza kulia, akaiweka trei kitandani. "Dada, mimi niliandika ulivyoniambia..."

"Uliandika sawasawa. Si kosa lako."

Daktari alikuwa bado anamtazama Idau. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayerudi nyuma hatua kwa hatua. "Asubuhi," alisema. "Nilipopiga makofi pale kwako. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na uliponipigia simu? Ile ya wachache mwanzoni?"

"Nilikuwa najua."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa kama anayekubali bei asiyoipenda. Halafu akageuka, na kwa sauti kavu akaanza kutoa maagizo: ifungwe dawa ya njano kwa Raka, maji mengi ya chumvi, aanzishwe dawa ya TB sasa hivi, sindano ya mgongo iandaliwe kwa Gamu, chupa zilizobaki za dawa zihesabiwe, Moresby wapigiwe simu walete nyingine kwa ndege ya misheni. Idau hakuambiwa lolote. Alisimama pale mpaka akagundua amesimama njiani na Perpetua anahitaji kupita.

Jioni walikutana bombani. Perpetua alikuwa anaosha mikono mpaka viwiko.

"Nimemtaja baba yako mbele yako," Idau alisema. "Mara mbili."

"Nimesikia, sina pamba masikioni. Baba nitamwambia mimi. Utapika, utapeleka chakula, watakula, yataisha. Hilo si kitu." Alifunga bomba. "La mgonjwa ndilo sijui utalipika na nini, wifi."

*

Silvanus Gamu hakufa. Alitetemeka kwenye ile dawa majuma mengi, akatapika, akakonda mpaka Boio akawa anambeba kwenda chooni mgongoni kama mtoto. Kila chupa ya maji iliyoletwa maabara Idau aliitazama yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Fangasi walipungua. Makoti yao yalikonda, mengine yakabaki yamekunjamana, hayana mtu ndani. Kichwa kiliacha kuuma. Macho hayakurudi.

Raka aliondoka mapema zaidi, mwembamba, na onyo la kutunza figo zake maisha yote. Alipokuja kuaga alisimama mlangoni mwa maabara, akamnyooshea Idau kidole. "Mama, wewe ulinitoboa bure! Nikinywa maji sasa nasikiliza kama yanavuja." Akacheka sana. Idau alijaribu kucheka naye. Alitamani Raka amtukane.

Hakuna aliyemtukana. Daktari alipeleka taarifa Moresby, ikarudi na amri kwamba majibu yote ya haraka yapelekwe kwa mkono na jina lisemwe na yeyote awezaye kulisema. Alimsalimia Idau kila asubuhi, kwa adabu. Hakuja tena na mluzi. Nyumbani, Ambrose alisema mambo haya hutokea. Baba mkwe alituma salamu kwamba jina si mzigo kuliko mtu, na kama angekuwepo angemwambia aliseme siku ile ile. Watu wote wa hospitali walikuwa wamelipokea hivyo: ni ile mila, maskini Idau, adabu yake ndiyo iliyomponza. Walilisema kwa huruma. Na kila mara Idau alikuwa anainama, analikubali, anashukuru. Usiku wa Ijumaa watoto wakiuliza samaki aliwaambia gari halikuja.

Siku moja asubuhi Boio alikuja maabara. Alivua ndala mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia.

"Nataka kumwona," alisema.

"Nani, mama?"

"Huyo aliyekula macho ya mume wangu. Wanasema wewe unaye kwenye kioo."

Kulikuwa na maji ya mumewe ya jana. Idau aliweka tone, akaweka wino, akamtafutia mahali palipobaki wachache, akamwonyesha jinsi ya kuinama na kutofumba jicho la pili. Boio alihangaika, akapumua kwa nguvu, halafu akatulia kabisa.

"Hawa wa duara?"

"Hao."

"Mayai ya chura," alisema Boio. "Kama mayai ya chura kwenye bwawa. Wazuri."

"Ule weupe unaowazunguka ni ute. Ndilo koti lao. Mwili una askari wake, wakija kumkamata, mkono unateleza. Kama mtu anayetaka kushika aibika iliyopikwa."

"Mjanja."

"Hata si ujanja. Ndivyo alivyo. Huko kwenye udongo na miti anakoishi, koti linamkinga asikauke. Kwetu anaingia nalo tu, kwa pumzi."

"Na macho?"

"Walikuwa wengi mno kichwani. Ule ute unaziba njia za maji, maji yakakosa pa kwenda, yakabana mishipa ya macho mpaka ikafa."

Boio aliendelea kutazama. "Kama angeanza dawa Ijumaa ile?"

Swali lilikuwa limechelewa sana kuulizwa, na Idau alikuwa na jibu lake tangu zamani. "Sijui, mama. Pengine angeona. Pengine nusu. Jumatatu alikuwa bado anaona nguo yako nyekundu."

"Alikuwa anaiona, ndiyo. Wifi yako amenieleza mambo ya jina. Usijile, mwanangu. Mimi nimeolewa miaka mingi na mama yake Silvanus sijawahi kumtaja, hata siku ya mazishi yake. Padri aliniuliza jina la marehemu nikamwonyesha msalaba. Ningekuwa mimi kwenye simu ile ningefanya hivyo hivyo."

Hapo palikuwa na mahali pa kukaa. Palikuwa pamefagiliwa na kutandikwa, na aliyepatandika ndiye mwenye haki kuliko wote. Idau alihitaji tu kusema asante. Alisikia neno lenyewe likipanda.

"Si jina, mama," alisema.

Boio hakuinua kichwa.

"Ningeweza kusema Gamu. Siku zote nasema Gamu. Au ningevuka ua, pale tu, nikaweka kidole. Nimefanya hivyo mara nyingi tangu niolewe na hakuna aliyedhurika. Ijumaa ile gari la samaki lilikuwa getini. Nilitaka kuwahi. Konio aliniuliza, mkwe yupi, na mimi nilikuwa natafuta kikapu. Watu wakasema ni mila, nikawaacha waseme."

Mgongo wa Boio ulibaki umeinama juu ya hadubini. Kidole chake kiligusa gurudumu la pembeni, bila kukusudia pengine, na alichokuwa anakitazama lazima kilipotea, lakini hakuondoa jicho.

"Ulipata?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Samaki."

"Nilipata."

Boio alisimama wima. Alikuwa mrefu kuliko Idau kwa kichwa kizima. Alifuta jicho alilokuwa anatazamia kwa upande wa khanga, akakunja midomo kama mwenye tambuu asiyeona pa kutemea, na kwa muda Idau alidhani kofi linakuja. Alilingoja. Alikuwa tayari nalo kuliko alivyokuwa tayari na lolote tangu Ijumaa ile.

"Hilo siwezi kumbebea," Boio alisema. "La jina nilimbebea. Nilimwambia, akasema haya, kila mtu ana wakwe. Hili nenda mwenyewe."

"Nitakwenda."

"Sasa hivi. Amekunywa chai, kichwa chake kizuri asubuhi."

Walivuka ua, Boio mbele, anatembea haraka. Mlangoni pa wodi alisimama akampisha.

"Umwite kabla hujamkaribia. Akisikia miguu asiyoijua anashtuka."

Silvanus Gamu alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, mikono juu ya magoti. Walikuwa wamemrudisha dirishani, kwa kuwa mwanga haukumsumbua tena. Kitanda cha pili kutoka pale Perpetua alikuwa anafunga bandeji. Aliinua macho, akaona wanaoingia, akaacha kufunga.

"Silvanus," alisema Idau.

Mgonjwa aligeuza uso, si upande wake hasa. "Nani?"

"Idau. Wa maabara."

"Ah, yule mwenye mkwe." Akatabasamu. Akapapasa kitanda kando yake, akausogeza mkoba wa Boio, akatengeneza nafasi. "Kaa basi. Mke wangu amekwenda kwako, hamkuonana?"

"Tumeonana. Amenituma nikuambie jambo."

"Baya?"

"Baya."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo. Halafu likaondoka. Aliinamisha kichwa, sikio likimwelekea Idau, akangoja, na Idau akakaa kwenye ile nafasi aliyotengenezewa na kuanza kusema.